Tanki jeusi la lita 1,000 la Birere: tanki ni zuri, vifaa vyake badilisha

Tanki lenyewe halina neno. Yale matanki meusi ya plastiki ya lita 1,000 yanayopangwa mbele ya kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za Birere, mtaa wa biashara wa Goma, hukaa uani miaka mingi yakiwekwa mahali panapofaa. Vinavyokufa mapema ni vile yanavyouzwa navyo: robine (koki ya kufungulia maji) ya plastiki, mpira wa kuzuia maji, mifereji ya bati jepesi. Na cha kwanza kabisa kufa hakiuzwi dukani. Ni kitako, msingi ambao tanki hukalia, kile kinachojengwa haraka haraka jioni moja kabla mgeni hajashika boti ya kurudi Bukavu.

Maelezo haya ni ya seti nzima: tanki, mifereji, mabomba na kazi ya fundi. Yanamhusu mtu anayekuja Goma kwa wazazi kwa siku kumi au wiki mbili na anataka Mama apunguziwe safari za bido, yaani madumu ya maji. Mwenye wiki moja tu asianze kazi hii. Atengeneze mifereji, aache pipa chini yake, tanki lisubiri safari nyingine. Sababu iko kwenye simenti, tutaifikia.

Kwanza ukubwa, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya mbao ya mita 6 kwa 8, paa limechomoza nusu mita kila upande: linafunika mita 7 kwa 9. Upande mmoja wa paa hilo ni mita za mraba 31 na nusu. Mvua ya milimita 10 itauletea lita 315. Toa sehemu ya tano inayorukia nje, kukauka na kuvuja, zinabaki kama 250. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tanki la lita 1,000. Nyumba ya watu saba, kila mmoja lita 20 kwa siku, inatumia lita 140, kwa hiyo tanki lililojaa linatosha siku saba. Miezi ya mvua hiyo ni nafuu kubwa sana. Kuanzia Juni hadi Agosti mambo ni mengine: siku tisini kwa lita 140 ni lita 12,600, na hakuna tanki la Birere la bei ya familia litakalovusha nyumba huko. Mwambieni Mama hivyo mapema, asije akaacha kumlipa kijana wa maji akidhani kiangazi kimepatiwa dawa.

Ndiyo maana hatushauri lita 2,000 kwa nyumba ya ukubwa huu. Tanki kubwa linaongeza wiki moja tu. Fedha hiyo ya ziada ikiwekwa kwenye mfereji wa upande wa pili wa paa, tanki dogo linajaa kwa mvua mbili badala ya nne, na katika majira ambayo mvua inapiga kila siku chache hiyo ndiyo faida inayoonekana jikoni.

Dukani, usitazame rangi ya nje. Omba mfuniko, ingiza kichwa ndani ya tanki, mtu afunike juu yako kwa nguo nzito, kisha tazama kuta kwa utulivu huku mwenzako akizunguka nje. Tanki zuri ni giza totoro. Ukiona wekundu wa jua unapita, hasa kwenye mabega na pembeni mwa shingo, ukuta pale ni mwembamba, na mwanga unaopita utaotesha ukijani ndani ya maji. Pitisha kiganja upande wa chini wa tanki kutafuta mikwaruzo mirefu, kwa sababu mengine yamevutwa juu ya mawe wakati wa kushusha gari. Mfuniko ujifunge kwa kuzungushwa, usiwe wa kulazwa tu.

Sasa vifaa. Robine ya plastiki inayotolewa na tanki, irudishe au mpe mtu. Watoto huning'iniza bido kwenye robine, na ya plastiki hukatikia shingoni. Nunua ya shaba ya robo tatu ya inchi, ikiwezekana yenye tundu la kufuli. Kiunganishi cha kupita ukutani mwa tanki kichague ukiwa na robine hiyohiyo mkononi, uvifunge pale pale kaunta. Kosa linalorudi kila mara ni kuchanganya bomba la gundi la milimita 25 na uzi wa robo tatu ya inchi. Muuzaji atasema itaingia tu. Itaingia mizunguko miwili, kisha itakaa upande na kuvuja daima. Mpira wa kiunganishi uwe mnene wa milimita 3 hivi na ulainike ukiubonyeza kwa ukucha. Ule mgumu unaong'aa uache. Chukua miwili ya akiba. Kuhusu malipo, noti za dola ziwe safi, kwa sababu yenye mchaniko hata wa milimita mbili utarudi nayo nyumbani.

Kitako ndiyo kazi yenyewe. Lita 1,000 ni kilo 1,000, tani nzima imekaa mahali pamoja mchana na usiku. Kwa bahati Goma ina mawe. Mengi tayari yamo ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba), meusi, mepesi, yenye matundu. Shida ni pale watu wanapoyapanga makavu bila simenti, wanaweka mbao juu, tanki linapanda. Mbao zinaoza, tanki linalala upande, shingo ya robine inapasuka. Na mji wetu hutikisika: baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalifuatana kwa siku kadhaa, na mawe makavu huhama kidogo kidogo kwa kila tikiso.

Jenga hivi. Pima upana wa tanki, ambalo mara nyingi hukaribia mita 1.1, uongeze sentimita 10 kila upande; utapata mraba wa mita 1.3. Urefu uwe sentimita 50, ili bido la lita 20 lisimame chini ya robine bila mtu kuliinamisha. Ukuta wa mzunguko uwe na unene wa sentimita 27 hivi, kwa mawe na mota ya simenti moja kwa mchanga nne. Katikati jaza vijiwe vidogo vya volkano kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikipondwa kwa gogo mpaka isibonyee tena. Juu mwaga sentimita 5 za simenti moja kwa mchanga tatu, na wavu wa waya katikati yake. Kazi yote inakula mifuko mitatu ya simenti ya kilo 50 na toroli tano za mchanga. Fundi akisema mfuko mmoja unatosha, mwombe akuonyeshe juu kutakuwa na unene gani.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulipuuza. Jiwe la volkano linanywa maji. Likiwekwa kavu linafyonza maji ya mota kabla simenti haijashika, na baada ya wiki mota inatoka kwa kidole kama majivu. Loweka mawe kwenye beseni au yamwagie maji mengi nusu saa kabla ya kujenga. Mchanga nao upimwe: weka nusu chupa ya mchanga, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope litakalolala juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe au ubadilishwe. Uso wa juu ulainishwe kwa mwiko mpaka kiganja kipite bila kukwaruzika, kwa sababu ncha moja ya jiwe chini ya tani moja itatoboa plastiki taratibu.

Sasa ile hesabu ya siku. Simenti ikifikisha siku saba huwa imepata kama theluthi mbili ya nguvu yake, mradi imefunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Anayekaa siku kumi amalize kitako siku ya pili, afanye mifereji siku zile za kungoja, apandishe tanki siku ya tisa, kesho yake alijaze yeye mwenyewe akiwa bado yupo. Wengi hugeuza: tanki linanunuliwa siku ya kwanza kwa furaha, kitako kinajengwa siku ya nane, mvua inanyesha usiku wa tisa. Ufa unaoanza hapo hauponi.

Mahali pa kuweka kitako, mzee aulizwe kwanza kama kuna mpango mwingine wa kiwanja, na Mama ndiye aseme robine itazame wapi. Yeye ndiye atakayekuwa pale saa kumi na moja alfajiri. Msichimbe shimo la kushushia tanki ili mfereji upate mteremko, hata mahali ambapo lava inaruhusu. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo na kando ya ziwa, mazuku hukaa mashimoni. Ni hewa nzito ya kabonidayoksaidi, haina rangi, na anayeshuka kusafisha anaweza asipande tena.

Tundu la robine. Kuna desturi ya kupasha nondo moto na kutoboa nayo. Angalia tundu la namna hiyo kwa karibu: si la mviringo, ni yai, na pembeni plastiki iliyoyeyuka imejikunja ikawa mdomo mgumu wenye vipele. Mpira haukai sawa juu ya vipele, kwa hiyo fundi anakaza zaidi, anakaza tena, na plastiki inapasuka kuelekea chini. Tumia msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye dreli, wa kipimo cha shingo ya kiunganishi, si cha robine. Mafundi wengi wa umeme wanao, huazimisha. Toboa sentimita 8 kutoka chini ya tanki ili uchafu ubaki chini. Kwangua ukingo kwa kisu, mpira mmoja ukae ndani na mwingine nje, nati ikazwe kwa mkono kisha nusu mzunguko kwa spana, basi. Utepe mweupe wa tefloni, mizunguko minane mpaka kumi kwenye uzi wa robine, ukifuata upande wa kukazia. Ukizungusha kinyume unajikunja nje wote, na ndiyo maana robine nyingi mpya hudondosha.

Mifereji ya bati inayokunjwa na mafundi wa Birere ni ya haraka na inapendeza siku ya kwanza. Kasoro yake ni unene: wengi hutumia bati la geji 32, ambalo kidole kinalibonyeza. Likibonyea maji yanatuama, yanakula zinki, na mahali hapo panatoboka. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano huwa na asidi, na hiyo huharakisha kutu. Wanaoishi upande wa Rusayo wanaona mabati yao yanavyochakaa. Sisi tunapendelea bomba la PVC la milimita 110 lililopasuliwa kwa urefu. Bomba moja la mita 6 linatoa mifereji miwili, mita 12, inatosha upande wa mita 9 na kipande kinabaki. Kanuni ya kukadiria ni sentimita moja ya mraba ya mfereji kwa kila mita ya mraba ya paa. Nusu bomba hilo lina kama 43, paa letu lahitaji 32.

PVC ina tabia zake. Ikipasuliwa inajikunja kidogo ndani, kwa hiyo weka mabano haraka. Mabano ni nondo ya milimita 6 iliyokunjwa, moja kila sentimita 60: kwa mita 9, mabano 16. Ukipanua nafasi ufike mita moja, mwaka wa pili mfereji umelegea kama kamba ya nguo. Jua la mchana likiipiga baada ya usiku wa baridi, mita 9 hurefuka karibu sentimita moja na nusu. Usigundishe kiungo cha katikati. Laza kipande cha juu ndani ya kile cha chini kwa sentimita 15, kiteleze. Mteremko uwe sentimita moja kwa kila mita, upimwe kwa bomba jembamba la plastiki lenye maji, si kwa jicho, kwa sababu nyumba nyingi za mbao zenyewe zimeinama.

Ubao wa kupigilia mabano ukiwa wa mkaratusi mbichi utapasuka ukipiga msumari karibu na ncha. Toboa kwanza kwa dreli, tumia skurubu. Bati la paa liingie juu ya mfereji kwa sentimita 3 au 4; likipita katikati ya mfereji, mvua kubwa itaruka yote nje. Na ukiwa juu ya paa, kanyaga kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao chini. Misumari iliyolegea ibadilishe kwa ile ya kofia yenye mpira. Yenye kofia ya madini ya risasi usiweke kwenye paa ambalo maji yake yatanywewa.

Bomba la pili la mita 6 ndilo la kushushia maji, na ndani yake kuna kipande ambacho duka halikupi wala fundi hakitaji: cha kutupia maji ya kwanza. Maji hayo hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na majivu. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, hapa lita 16. Bomba la 110 hubeba kama lita 8 na nusu kwa mita, basi mita 1.9 zikisimama wima kando ya tanki, chini zikiwa na kizibo cha kuzungusha, zinatosha. Maji hujaza bomba hilo kwanza, likijaa yanageukia tankini. Kwenye kizibo toboa tundu la milimita 3 ili lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Tundu hilo huziba, lipitishiwe msumari mwembamba kila wiki. Tukiambiwa tuondoe kitu kimoja kwenye seti ili kupunguza gharama, tungeondoa rangi ya mabomba, hata kufuli ya robine, lakini si hiki.

Bomba la kufurikia liwe na upana sawa na lile la kuingizia, limefungwa wavu wa mbu. Lisimwage karibu na kitako, kwa sababu maji yatachota vijiwe chini yake, wala lisielekee kwa jirani. Lipeleke kwenye magunia ya mboga: udongo na samadi, na safu ya vijiwe katikati ili maji yashuke hadi chini. Kwenye parseli ya lava kavu ndiyo bustani ya uhakika zaidi.

Kuhusu kunywa, tuseme wazi. Mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo hubeba floridi. Kikomo cha OMS (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita, na yakizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua nayo ikabaki. Nyumba zilizo upande ambao moshi huelekea, maji ya tanki yawe ya kufua, kuoga, kusafisha na bustani, na ya watoto wadogo yatafutwe kwingine. Siku majivu yanapoonekana juu ya magari, geuza bomba nje, lisirudishwe mpaka mvua nzito ioshe paa. Ukiacha moshi, vijidudu bado vipo, na hapo kuchemsha kunafaa.

Usafiri: tanki tupu ni jepesi lakini pana, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, inalichukua vizuri likifungwa kwa mipira ya gari mahali pawili. Mwambie mwenye chukudu alibebe kwa watu wawili kuingia uani, asilivingirishe juu ya mawe. Likishakaa kwenye kitako, tia lita 100 mara moja na ulifunge kwa kamba, upepo wa kabla ya mvua usije ukaliangusha.

Fundi mlipe kwa kazi ya kitako, hapo anastahili kila franki. Mkubaliane kwa kazi yote, si kwa siku, na sehemu ya tatu ya malipo ibaki mpaka tanki lijae na kulala usiku mmoja. Mifereji ndugu wawili na ngazi wanaiweza kwa siku moja na nusu.

Asubuhi ya usiku huo, kabla ya kufunga mizigo, tandika karatasi kavu juu ya kitako chini ya kiunganishi, uhesabu dakika kumi. Ikibaki kavu, mwite Mama afungue kizibo cha maji ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe na kukirudisha. Akishindwa kukizungusha, kipake mafuta kidogo ya kupikia kwenye uzi, ajaribu tena. Mipira miwili ya akiba, utepe uliobaki na yale mabano yasiyotumika, viweke kwenye mfuko uliofungwa, uutundike ndani ya mlango wa jikoni.